Rekodi Kubadilika Si Jambo Kutokea

Nimepotea kidogo, najua. Kazi zilinibana, halafu kuna jambo ambalo nilitaka kuliandika tangu zamani lakini nikasema ningoje aibu ipoe kwanza. Nadhani sasa imepoa kiasi cha kuandikika.

Leo tuzungumzie zile kazi zinazojiendesha zenyewe ndani ya programu za biashara. Unabadilisha rekodi moja tu, na programu yenyewe inatuma SMS, inaandika barua pepe, inampa mtu mwingine kazi mpya, au inabadilisha rekodi nyingine tatu bila wewe kugusa kitu. Kichocheo kinasubiri, rekodi inaguswa, kichocheo kinafyatuka. Ni kitu kitamu sana kukiona kikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Nami nimewauzia watu wengi utamu huo.

Bado ninaupenda. Ila siku hizi nina msimamo, na nitauweka mbele kabisa ili msinitafute mwishoni: rekodi kubadilika si sawa na jambo kutokea. Programu yoyote inayochanganya hayo mawili haifai kuachiwa iseme neno kuhusu pesa za mtu au jina la mtu kabla binadamu hajaangalia.

Haya, tuanze na kisa.

Kilichotokea nyumbani

Kwetu ni Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria katika kaunti ya Homa Bay. Ukifika Mbita unapanda boti, unashukia Sena. Watu wengi kule wanaishi kwa samaki: mbuta, ngege na omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Alfajiri akina mama wananunua ufuoni, wanaanika, kisha wanavusha ziwa kwenda kuuza.

Miaka michache iliyopita chama kimoja cha akiba na mikopo cha wachuuzi hao kiliniomba nikitengenezee programu. Jina lake nitalihifadhi. Walikuwa wanatumia madaftari, na madaftari yalikuwa yanalowa, yanachanika, mengine yanapotea na mwenyewe. Nikawatengenezea mfumo mdogo: hifadhidata kwenye seva, ukurasa wa karani aliyekuwa Mbita, na programu ya simu ya wale wanaozunguka ufuoni kukusanya malipo ya mikopo. Kwa kuwa upande wa pili wa mlima mtandao ni wa kubahatisha, niliifanya programu ya simu iweze kuandika malipo hata bila mtandao. Simu ikipata mtandao, inayatuma yote kwa pamoja. Hapo nilijiona fundi kweli kweli.

Kisha mwenyekiti akaniuliza kama mfumo unaweza kuwakumbusha wanaochelewa. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni kazi ya jioni moja." Na kweli ilikuwa ya jioni moja. Kila usiku saa sita seva ilipitia mikopo yote, na mkopo ambao siku yake ya malipo ilikuwa imepita kwa siku saba bila malipo ulibadilishwa hali kuwa "amechelewa". Halafu nikaweka kichocheo hiki, nakiandika hapa kwa Kiswahili ili kila mtu akielewe:

IKIWA rekodi ya mkopo imehifadhiwa
NA hali ni "amechelewa"
BASI mtumie mkopaji SMS
NA watumie wadhamini wake wawili SMS

Someni tena hiyo mistari minne. Kuna makosa matatu ndani yake, na nilipoiandika sikuona hata moja.

Wiki moja ya mwezi Machi, mkusanyaji wa ufuo mmoja alichukua malipo Jumatano kama kawaida. Aliyaandika kwenye simu na akawapa akina mama sahihi kwenye kadi zao. Simu yake haikupata mtandao hadi Jumapili. Alhamisi usiku seva ikaangalia, ikaona siku saba zimetimia, haikuona malipo, ikawaandika wote "amechelewa". SMS zikaenda, kwao na kwa wadhamini wao.

Ijumaa karani akaamua kusafisha namba za simu kwenye mfumo, zile zinazoanza na 07 azigeuze zianze na 254. Kila alipohifadhi rekodi ya mtu aliyekuwa na hali ya "amechelewa", kichocheo kilifyatuka upya. SMS ya pili. Hakuna aliyechelewa zaidi ya jana yake, namba tu ndiyo iliyobadilika.

Jumapili simu ya mkusanyaji ikapata mtandao. Malipo yote yakaingia. Mfumo ukapunguza baki ya kila mkopo, ukahifadhi rekodi. Hali ilikuwa bado "amechelewa", kwa sababu kazi ya kuibadilisha ilikuwa ya saa sita usiku. SMS ya tatu ikaenda. Yaani watu walitumiwa ujumbe wa kuwaaibisha kwa sababu malipo yao yalikuwa yamefika!

Mmoja wao ni mama anayenijua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani. Nilipokwenda kisiwani kuomba msamaha alinikaribisha, akanipa chai, akanionyesha kadi yake yenye sahihi ya Jumatano. Nikamwambia, "Mama, naomba unisamehe, ni kosa la mfumo." Akanijibu, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na kompyuta yako. Lakini mdhamini wangu ni wifi yangu. Nitamwambia simu imekosea, mara tatu?"

Mkopo ule aliumaliza. Ikafika Aprili, uvuvi wa omena ukafungwa. Kwa miaka mingi marufuku hiyo imekuwa ya Aprili hadi Julai. Agosti ulipofunguliwa alihitaji mtaji wa kununulia omena, na wifi yake akakataa kumdhamini tena. Alikosa mkopo. Sikuandika popote kwenye mfumo wangu kwamba huyu ni mtu asiyeaminika, lakini ndivyo mfumo wangu ulivyomwambia wifi yake, kwa SMS tatu ndani ya siku tatu.

Kosa la kwanza: "ni" na "imegeuka kuwa"

Sasa tuingie kwenye ufundi kidogo. Wasio wataalamu msikimbie, ni rahisi.

Kuna tofauti kati ya kusema "hali ni amechelewa" na kusema "hali imegeuka kuwa amechelewa". La kwanza ni kweli kila siku hadi mtu alipe. La pili ni kweli mara moja tu, pale hali ilipotoka "sawa" ikawa "amechelewa". Kichocheo changu kilitumia la kwanza, kwa hiyo kilifyatuka kila rekodi ilipoguswa, hata ikiguswa kwa namba ya simu.

Programu kubwa zinaijua tofauti hii na zinakuuliza. Wanaotumia Salesforce wanaikumbuka ile sehemu ya Workflow Rules: unachagua kama kanuni ifanye kazi rekodi inapoundwa tu, au kila inapohaririwa, au pale tu inapohaririwa na kuanza kutimiza sharti ambalo haikulitimiza kabla. Salesforce walitangaza kwamba msaada wao kwa Workflow Rules na Process Builder unakoma tarehe 31 Desemba 2025, na watu wakaambiwa wahamie Flow. Flow nayo ina swali lile lile: kila rekodi inapobadilishwa na sharti likiwa limetimia, au pale tu inapobadilishwa ili sharti litimie. Kama unahamisha kanuni zako za zamani, usibonyeze tu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hapo ndipo kosa la zamani linapopewa nyumba mpya.

ERPNext, ile programu huria ya biashara iliyotoka India, ina arifa unazoweza kuziweka zitoke rekodi ikihifadhiwa, au thamani ya sehemu fulani ikibadilika, au siku kadhaa baada ya tarehe fulani. Ukichagua "ikihifadhiwa" pale ulipotaka "ikibadilika", umeandika kichocheo changu.

Kwenye PostgreSQL kichocheo kinaona sura mbili za safu, OLD ya zamani na NEW ya sasa, na unaweza kukiambia kifyatuke pale tu hali ya OLD inapotofautiana na hali ya NEW. Kuna mtego hapa. Ukiandika UPDATE OF hali ukidhani umemaliza, kichocheo kitafyatuka kila amri inapoitaja safu wima hiyo, hata kama thamani ni ile ile. Na Django, ukiita save() bila kusema sehemu gani, huziandika zote. Kwa hiyo hali itatajwa kila mara. Nimewaona watengenezaji programu wenye uzoefu kunizidi wakinaswa hapo.

Kosa la pili: saa ya tukio na saa ya kufika

Kosa la kwanza unaweza kulirekebisha kwa mstari mmoja. La pili ni gumu zaidi kwa sababu linahitaji ukubali kwamba seva yako haiko ufuoni.

Mama alilipa Jumatano. Seva ilijua Jumapili. Kwenye hifadhidata yangu kulikuwa na tarehe moja tu, ile ya Jumapili. Nilikuwa nimeifanya safari ya rekodi ionekane kama ndiyo tukio lenyewe.

Wenzetu wanaokusanya data vijijini walilijua hili zamani. ODK, ambayo ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington na ikatumika mapema huku magharibi mwa Kenya, inaweza kuweka saa fomu ilipoanzwa na saa ilipomalizwa, tofauti kabisa na saa ilipofika kwenye seva. M-PESA nayo, ambayo Wakenya tunaitumia tangu Machi 2007, ikituma uthibitisho wa malipo kwenye seva yako inakuja na saa ya muamala wenyewe pamoja na namba ya muamala isiyojirudia. Uthibitisho ukichelewa, saa ya muamala haibadiliki. Ukija mara mbili, namba ile inakuambia ni ile pesa moja. Huo ndio mfano mzuri wa jambo lililotokea: lina saa yake na jina lake, na halitegemei lini wewe ulipata habari.

Kwa hiyo tafadhali, wekeni tarehe mbili: lilitokea lini, na tulijua lini. Na kichocheo chochote kinachohesabu siku kihesabu kwa ile ya kwanza.

Kosa la tatu: kimya

Hili ndilo lililonifundisha zaidi. Kichocheo changu hakikufyatuka kwa sababu kitu kimetokea. Kilifyatuka kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Seva haikuona malipo, ikasema hakuna malipo. Lakini kimya cha seva kinaweza kuwa na maana nyingi. Huenda mtu hajalipa. Huenda amelipa na mkusanyaji hana mtandao. Huenda simu ya mkusanyaji imezima, au ameugua.

Au huenda ni mbalamwezi. Mtu yeyote wa ziwani atakuambia omena huvuliwa vizuri gizani, kwa sababu wanafuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na uvuvi hupungua au husimama kwa siku kadhaa. Pesa za mchuuzi wa omena zinapanda na kushuka na mwezi wa angani, wala si na mwezi wa kalenda. Mimi nimezaliwa kisiwani, jambo hilo nalijua tangu utoto, lakini nilipokaa mbele ya kompyuta niliandika siku saba kwa sababu wiki ina siku saba. Hakuna mtu wa Silicon Valley aliyenilazimisha.

Kitu cha chini kabisa ambacho ningefanya ni kuuliza kabla ya kuhukumu: simu ya mkusanyaji wa ufuo huu ilionekana lini mara ya mwisho? Kama haijaonekana tangu Jumanne, basi sina haki ya kusema lolote kuhusu Jumatano.

"Sasa mashine ina faida gani?"

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja, naye ni mtu wa programu, msimamo wangu kwamba binadamu aangalie kwanza, alinicheka. Akasema, "Kama karani atasoma kila ujumbe kabla haujaenda, mbona usimrudishie daftari lake?" Ni hoja ya haki na inahitaji jibu.

Jibu langu linatoka kwenye utafiti wa WelTel uliofanyika hapa Kenya kati ya 2007 na 2010 na kuchapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa SMS kila wiki yenye neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Asilimia 62 ya kundi hilo walifuata dawa vizuri kwa maelezo yao wenyewe, dhidi ya asilimia 50 ya wale wasiotumiwa. Virusi vilipopimwa, waliofanikiwa kuvidhibiti walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa. SMS iliuliza swali, haikutoa hukumu. Kimya hakikuandikwa "amekataa dawa". Kimya kilimaanisha mtu apigiwe. Waliojibu "Sawa" hawakuhitaji kupigiwa wiki hiyo, kwa hiyo mhudumu alibaki na muda wa kuongea na wenye shida. Mashine ilipunguza orodha, binadamu akafanya uamuzi. Hiyo ndiyo faida yake, na ni kubwa kuliko kutuma SMS mia moja usiku wa manane.

Halafu kuna sheria, kwa wale ambao huruma haiwatoshi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi unaomwathiri kwa uzito ikiwa uamuzi huo umefanywa na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa dijitali zinakataza kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mkopaji kwa sababu amechelewa. Kanuni hizo ziliwalenga wenye aplikesheni za mikopo, na mdhamini aliyetia sahihi si sawa na namba iliyochotwa kwenye simu ya mtu. Lakini aibu ni ile ile.

Ninavyofanya siku hizi

Sijaacha vichocheo. Mfumo wa chama kile bado una vichocheo vingi kuliko zamani, ila nimevigawa kwa swali moja: kikikosea, kosa linarudishika?

Risiti ya malipo inatoka yenyewe mara malipo yanapoingia. Ikikosea, mtu atapiga simu, tutarekebisha. Hesabu ya baki inajifanya yenyewe. Ripoti ya mweka hazina inajiandika kila Jumatatu. Mkusanyaji ambaye simu yake haijaonekana kwa siku mbili anapigiwa na karani, na hicho ndicho kichocheo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinatuhumu mfumo kabla ya kumtuhumu mteja.

Lakini ujumbe wa kuchelewa hautoki wenyewe. Kichocheo kinaweka jina kwenye orodha ya karani, pamoja na tarehe ya malipo ya mwisho na saa simu ya ufuo ule ilipoonekana. Karani anasoma, anampigia mkusanyaji, kisha anabonyeza. Ujumbe wenyewe sasa ni swali: "Hatujaona malipo yako ya wiki hii. Je, umelipa?" Mdhamini hatumiwi chochote na mashine. Anapigiwa na mtu wa chama, anayemjua, na ni baada ya mkopaji mwenyewe kuongea.

Karani analalamika? Mwanzoni alilalamika. Orodha ya kila asubuhi ina majina machache, anaimaliza kabla chai haijapoa.

Siku hizi, nikikuta mahali imeandikwa kwamba mfumo "unachukua hatua papo hapo rekodi inapobadilika", najiuliza: nani aliibadilisha rekodi hiyo, lini, na kwa nini? Huenda jambo limetokea kweli. Huenda karani anasafisha namba za simu. SMS ikishatoka huwezi kuirudisha, na kuiandika nyingine ya kusema "samahani" nimejaribu, haikumfikia wifi kwa uzito uliolingana na zile tatu.

Kwa yule mama, chama kilimwandikia wifi yake barua ya karatasi yenye sahihi ya mwenyekiti, nami nikaipeleka kwa boti kwa mkono wangu. Msimu uliofuata alidhaminiwa tena. Msimu mmoja aliupoteza, na huo siwezi kumrudishia kwa msimbo wowote.

Basi, leo niishie hapo. Kabla hujalala usiku wa leo, fungua vichocheo vyako, tafuta neno "ni", na ujiulize kama ulitaka kusema "imegeuka kuwa". Tutaonana tena, Mungu akipenda.